Upande Mweupe wa Kangaga

Mokahele alirudi Niue na masanduku mawili, koti zito la baridi ambalo kisiwa hakikuwa na kazi nalo, na akili iliyokuwa imeanza kumtoka kidogo kidogo, kama maji katika tangi lenye ufa. Alikuwa amekaa Auckland miaka arobaini na sita. Mumewe, Hohepa, alizikwa huko kwao Nyuzilandi, na watoto wake walipoona mama anaenda dukani akirudishwa na polisi, walimpigia simu mama yao mdogo kisiwani. Fineika hakuwaacha wamalize maneno. "Mleteni," alisema. "Kisiwa chenyewe hiki kimoja, atapotelea wapi?"

Baadaye aliyajutia maneno hayo.

Fineika alikuwa na miaka sabini na miwili, mjane, na nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka msituni, upande wa mashariki wa kisiwa. Nyumba mbili zilizofuata zilikuwa tupu. Wenyewe walikwenda Nyuzilandi zamani, wakaacha mapazia madirishani na makaburi ya wazee wao mbele ya kibaraza, na kila Jumamosi Fineika aliyafagia makaburi yale kama yake, kwa kuwa mfu hana kosa la kuachwa na aliye hai.

Wale dada wawili waliishi vizuri. Mokahele alikuwa akisahau siku, akisahau kama amekula, akitoka kwenda chooni na kusimama katikati ya uwanja bila kukumbuka anakwenda wapi. Lakini hakusahau hata mara moja kumwekea mdogo wake kipande cha gimbi kilicho laini katikati, maana Fineika hakuwa na meno ya nyuma. Alikuwa akikitoa kwa kijiko, akikiweka ukingoni mwa sahani ya mwenziwe bila kusema neno. Mtu anaweza kupoteza mengi, na mkono wake ukabaki na adabu.

Palikuwa na mmea mmoja tu uliowagombanisha, nao ulikuwa kangaga unga.

Makangaga ya kisiwa chao Fineika aliyajua kama anavyojua vidole vyake. Kulikuwa na kangaga kiota, linaloota juu ya miti na mawe likijikunja kama kiota cha ndege. Machipukizi yake wanayapika kwa tui, na majani yake mapana yanatandikwa. Kulikuwa na kangaga la mwambani, refu na jembamba kama mkanda, linaloota kwenye nyufa za mawe ya matumbawe, ambalo lilikuwa hapo kabla ya mtu wa kwanza kukanyaga kisiwa. Lakini kangaga unga lilikuwa geni. Lilikuja siku za kutengeneza barabara, katika udongo uliong'ang'ania magurudumu ya matingatinga, likashuka, likapapenda. Juu ni la kijani kama mengine. Ukiligeuza, tumboni ni jeupe kama limenyunyizwa unga wa ngano, na ukilibana kwenye ngozi linaacha picha yake kamili, kila kipande cha jani na kila mshipa. Lilipenda nyumba zilizoachwa kuliko mahali popote. Liliota ngazini, likaota kwenye mabomba ya mvua, likachungulia chini ya milango.

"Watu wetu wanakwenda, majani ya watu yanakuja," jirani yao Lineta alizoea kusema. "Tumebadilishana, na sisi ndio tuliopunjwa."

Fineika aliling'oa kila alipoliona. Mokahele alilichuma, akaliingiza ndani, akachafua mashuka. Basi ndio ugomvi wao wote huo.

Siku ya Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, Fineika alikuwa ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi. Mokahele akasimama mlangoni na kikapu.

"Naenda kuchuma kangaga kiota," alisema. "Tui bila majani ni tui la mgonjwa."

"Ngoja nimalize nazi hii, dada, twende wote."

"Wewe toka utoto ni wa ngoja, ngoja."

"Na wewe toka utoto ni wa mbio. Kaa."

Mokahele akacheka, akakaa kwenye ngazi. Fineika aliona mgongo wake pale, na kofia yake ya ukindu. Akakuna nazi ya pili. Alipoinua macho, ngazi ilikuwa tupu.

Mwanzoni hakuogopa. Alizunguka nyumba, akatazama kwenye tangi la maji, akatazama kwenye nyumba mbili tupu. Kisha akaogopa, akaenda kwa Lineta, na Lineta, ambaye ana miguu mibovu lakini mapafu ya tarumbeta, akasimama barabarani akaita kijiji kizima. Hakikuwa kikubwa. Walikuja watu tisa, na mbele yao Togiavalu, mtoto wa marehemu binamu yao, mtu wa miaka hamsini na kitu, mnene, mpole, ambaye ndiye mwenye kusimamia ardhi ya kijiji na kuweka fono, ile marufuku ya kuingia mahali.

"Shangazi, ameelekea wapi?"

"Alitaja majani. Njia ya shamba la baba ndiyo anayoijua."

Shamba la baba yao lilikuwa ndani ya msitu, mwendo wa saa nzima, na hakuna aliyelilima tangu kimbunga kikubwa. Njia yake ilianzia nyuma ya ile nyumba tupu ya mwisho. Wakaiendea wakiita, "Mokahele! Mokahele ee!" na kabla hawajafika kwenye miti mikubwa, Togiavalu aliyekuwa mbele akasimama ghafla, hata Lineta akampiga kikumbo.

"Unasimama kama nguruwe aliyeona kisu, una nini?"

Togiavalu akaonyesha chini.

Katikati ya njia lilikuwa limelazwa jani la kangaga, tumbo juu, jeupe kama mfupa. Hatua kumi mbele likalala jingine. Na jingine, mbali zaidi, ndani kabisa ya kivuli, lilionekana kama jicho.

Katika kijiji kile mtoto hufundishwa fono kabla ya kufundishwa sala. Wakitaka sehemu ya msitu au ya mwamba wa pwani ipumzike, mwenye kazi hiyo huchukua jani, hulipiga fundo, hulilaza njiani, na Jumapili hutangaza kanisani: mahali fulani pamefungwa mpaka siku fulani. Kuanzia hapo hapavukwi. Nguruwe wako akivuka, utamsubiri arudi mwenyewe. Jani lililolazwa njiani kwa mkono wa mtu si jani tena.

"Nani amefunga hapa?" Togiavalu akauliza kwa sauti ndogo.

"Unatuuliza sisi?" Lineta akasema. "Mwenye kufunga ni wewe."

"Sikufunga mimi."

"Basi kama si wewe…" Lineta hakumaliza, na wote walimjua Lineta kuwa si mtu wa kuacha sentensi njiani.

Waliita kutoka pale pale, mara moja, mara mbili. Kisiwa chao ni jiwe tupu la matumbawe lililojaa nyufa, na bahari huingia kwa chini, hata ukiwa katikati ya msitu unaisikia ikipumua chini ya miguu yako. Ndiyo iliyowajibu. Walipoita mara ya tatu ndege wakanyamaza, si mmoja mmoja, bali wote kwa pamoja, kama darasa mwalimu anapoingia.

"Tukivuka, na wapo wenyewe waliofunga, hao waliolala ardhini," Togiavalu akasema, "tutatafuta wawili badala ya mmoja. Labda hakupita hapa. Twende upande wa pwani."

Na Fineika naye, ambaye dada yake ndiye aliyepotea, alitazama yale majani na miguu ikamkataa. Akageuka pamoja nao. Wakatafuta pwani, wakatafuta mapangoni, mpaka giza likawafukuza.

Usiku ule tuupite tu. Mvua ilinyesha kidogo.

Asubuhi Fineika aliingia chumbani kwa dada yake, kwa kuwa hakujua pengine pa kwenda. Alitaka kutandika kitanda tu, mikono iwe na kazi. Alipoinama kuokota kandambili, akaona chini, kando ya kitanda, jani la kangaga unga, tumbo juu. La siku nyingi kidogo, limesinyaa. Jingine lilikuwa kwenye kizingiti cha chumba. Jingine nyuma ya mlango wa uwani, na jingine kwenye pembe ya tangi, na la mwisho mbele ya mlango wa choo. Kutoka kitandani mpaka chooni, moja moja, yote yakiwa na ncha iliyoelekea mbele.

Fineika akakaa sakafuni.

Alikumbuka mwezi wa pili tangu dada yake arudi, siku walipokwenda shambani kwa miguu. Mokahele alikuwa akichelewa nyuma, akichuma, akiinama. "Dada, acha kuchezea gugu hilo," Fineika alimwambia. Na Mokahele akajibu, "Hohepa alinifundisha. Misitu ya kwao ina kangaga kubwa, jeupe tumboni. Ukiligeuza jani, hata mwezi mdogo unakuonyesha njia ya kurudi." Fineika alilisikia neno hilo kama unavyosikia mvua juu ya bati. Na wakati wa kurudi alitangulia yeye, na fimbo yake, akiyatupa majani yale pembeni moja baada ya jingine, kwa sababu hapendi njia chafu. Walipofika kwenye njia panda Mokahele alisimama akitazama ardhini, huku na huku. Halafu akamshika mdogo wake ukosi wa gauni kwa vidole viwili, akafuata kimya kimya. Fineika alidhani amechoka.

Akainuka, akachukua fimbo, akaenda moja kwa moja mpaka nyuma ya nyumba ya mwisho. Togiavalu alikuwa hapo tayari, ameketi juu ya jiwe upande wa huku wa jani la kwanza. Inaonekana alikuwa hapo tangu alfajiri. Lineta alikuwa naye, na chupa ya chai.

"Si fono," Fineika akasema. "Ni dada yangu. Anaweka alama ya kurudi."

Wakamtazama kwa huruma, na huruma ile ikamtia hasira.

"Togia, mwanangu. Mama yako alikuwa akifunga kwa jani gani?"

"La mwambani, shangazi."

"Na bibi yako?"

"La mwambani. Sote tunafunga kwa la mwambani."

"Na hili lilikuja na nini?"

"Na matingatinga."

"Basi hao waliolala ardhini kabla ya matingatinga, walijifunza lini kulitumia?"

"Labda wamefundishwa na waliozikwa juzi," Lineta akasema.

"Lineta, funga mdomo wako kwa nusu saa, Mungu atakulipa. Halina fundo. Na tazama lilivyolala. Mwenye kufunga mlango analaza komeo kwa mapana. Haya yamelala kwa urefu, ncha mbele. Yanakwenda."

Togiavalu alitazama kwa muda mrefu. Fineika aliona jinsi aibu ilivyompanda usoni, akamwonea huruma naye pia, kwa kuwa wote walikuwa wamegeuka jana, hata yeye.

"Nakuamini, shangazi," alisema mwishoni. "Lakini mimi ndiye ninayefunga. Nikivuka alama bila kuwa na hakika, hakuna fono itakayoheshimiwa tena hapa. Na ukweli mwingine ni kwamba naogopa."

"Sikukuomba uvuke."

Basi akainama, na tumbo lake lile, akavua viatu vyake vya mpira, akamvisha Fineika mwenyewe, maana mawe ya mle ndani yanakata kama wembe. Vilikuwa vikubwa. Lineta akavua kitambaa chake cha kichwa, akakichana vipande viwili, akavisokomeza mbele ya vidole ili visiteleze. Akampa chai na magimbi mawili yaliyofungwa katika jani la mgomba.

"Mimi miguu yangu unaijua," alisema. "Lakini nitakuwa nakuita. Ukiisikia sauti yangu ujue nyuma ni wapi."

Fineika akavuka.

Hakuna lililotokea. Jani lilibaki jani. Akafuata la pili, la tatu, na kila alipolifikia alilitazama ncha kabla ya kuendelea. Mvua ya usiku ilikuwa imeosha unga kwenye baadhi, lakini yalikuwa bado meupe kuliko kitu chochote mle ndani. Miti ilifungamana juu. Makangaga ya kila namna yalisimama kwenye mawe, mengine yakining'inia kutoka matawini, mengine yakijikunja vichwa kama watoto wachanga wanaolala. Nyuma yake Lineta aliita, "Fineika ee!" Naye akaitika, "Ee!" Bahari ikapumua chini.

Baada ya muda sauti ya Lineta ikawa ndogo. "Fineika ee!" Akaitika. Akapanda juu ya mzizi, akashuka, akasimama kupumzika. Ndipo akasikia tena, taratibu, bila kupaza: "Fineika."

Ilitoka mbele.

Hakuitika. Miamba ina tabia ya kurudisha sauti, akajiambia. Na papo hapo, kutoka nyuma, mbali kabisa, ikaja sauti ya Lineta: "Fineika ee!" Akasimama na fimbo yake, akifikiri. Mwangwi huja baada ya sauti. Huu ulitangulia.

Angeweza kurudi. Lakini mbele yake palikuwa na jani jeupe, na mkono uliolilaza pale ulikuwa ni ule unaomtolea gimbi laini kwa kijiko. Akaenda.

Majani yalimvusha shamba la baba bila yeye kulitambua. Aligundua tu alipoona mnazi mmoja waliouita Mpotovu kwa jinsi ulivyopinda. Mokahele alikuwa amelipita. Alikuwa ameendelea ndani, mahali ambapo hata wakiwa watoto hawakuruhusiwa. Jua huko lilifika kwa vipande vidogo. Kisha majani yakaisha, na Mokahele alikuwa ameketi hapo.

Aliketi chini ya jiwe lililoinama, mahali pakavu, miguu ameinyoosha, kofia kichwani. Kikapu chake kilikuwa kimejaa machipukizi. Viganja vyake na mashavu yake yalikuwa meupe kwa unga, na kwenye mkono mmoja picha ya kangaga ilikuwa imekaa wazi kama chale. Alikuwa hai. Alikuwa akimtazama Fineika anavyokuja, kwa uso wa mtu anayesubiri chakula.

"Umechelewa," alisema. "Nazi imekwisha?"

"Imekwisha, dada." Fineika akapiga magoti, akamgusa uso, akamgusa miguu. Ilikuwa na joto. "Imekwisha. Umeumia? Una kiu?"

"Na hivyo viatu umemwibia nani?"

Fineika akacheka na kulia pamoja. Akamnywesha chai. Akafungua magimbi, akayamenya kwa kucha, akampa kipande cha katikati, na Mokahele akakipokea, akakigawa, akamrudishia nusu.

Ni hapo tu, akiwa anatafuna, alipoona mambo mengine. Dada yake alikuwa ameketi juu ya tandiko la majani ya kangaga kiota, mapana, mabichi, yaliyopangwa moja juu ya jingine kama makuti ya paa. Mashina yake yalikuwa yamekatwa kwa mshazari, safi, kwa kisu. Mokahele hakuwa na kisu. Visu vyote vya nyumba ile Fineika alikuwa ameviweka juu ya kabati tangu mwaka jana.

"Kwa nini uliishia hapa, dada?"

"Nilitaka kuendelea. Lakini njia imefungwa." Akaonyesha kwa kidevu.

Hatua mbili kutoka miguuni pake lilikuwa limelazwa jani la kangaga la mwambani, kwa mapana, na katikati yake fundo. Fundo zuri, la kubana, la mtu aliyezoea. Utomvu wake ulikuwa bado haujakauka. Ng'ambo yake makangaga yalifunika ardhi kama zulia, na Fineika alipoyasukuma kidogo kwa ncha ya fimbo, fimbo ikapita. Hapakuwa na ardhi. Ufa ulishuka moja kwa moja gizani, na hewa baridi ya chumvi ikampiga usoni, ikaingia ndani tena, kama pumzi.

Akaivuta fimbo polepole. Mokahele alikuwa amesahau nyumba ya mtoto wake, na dini ya mumewe, na mwaka tulio nao. Fono hakuisahau. Aliiona, akakaa chini.

"Nani alifunga?"

"Ni huyo aliyekuwa hapa."

"Nani, dada?"

Mokahele akakunja uso, akitafuta. "Limenitoka jina. Mpole, lakini. Mvua ilipokuja alikaa upande ule inakopiga. Nilitaka kumuuliza yeye ni nani, nikaona haya, maana jinsi alivyonitazama ni mtu ninayepaswa kumjua. Unajua aibu hiyo? Siku hizi inanipata sana." Akamfuta Fineika chembe ya gimbi mdomoni kwa kidole cheupe. "Alikuulizia wewe."

Fineika akaifunga chupa ya chai.

"Nikamwambia uko nyumbani, unakuna nazi. Akasema, basi tusimharakishe."

Upepo haukuwepo, lakini kwenye ukingo wa ng'ambo wa ule ufa makangaga ya mwambani yalikuwa yameinamia upande mmoja, kama majani yanavyoinama mtu anapopita katikati yake, na yalikuwa yakinyanyuka sasa, moja moja, taratibu.

Bibi mwenye akili angekimbia. Fineika alikuwa amelelewa vizuri. Alilichukua gimbi la pili, zima, akalifunga tena katika jani la mgomba, akaliweka upande wa huku wa fundo, mahali ambapo mkono ungeweza kulifikia. "Ahsante," alisema, kwa sauti ya kawaida, kama unavyomshukuru jirani aliyekurudishia mtoto. "Ahsante kwa kumkinga na mvua." Fundo lenyewe hakuligusa.

Kisha akamwinua dada yake.

"Tangulia wewe," akamwambia. "Majani ni yako."

Na Mokahele akatangulia. Aliinama kila jani, akalitazama, akasema, "Ehe," akaenda kwenye la pili. Fineika alifuata nyuma katika viatu vya Togiavalu, na safari hii fimbo yake haikugusa hata moja. Njia ile ya saa nzima na zaidi iliwachukua mpaka jua likapita katikati. Ile sauti ya msituni haikuita tena. Nyuma, mara moja tu, kitu kilisikika kama jani la mgomba linapofunuliwa.

Lineta aliwaona wa kwanza, akapiga kelele hata popo wakaruka. Togiavalu alimbeba Mokahele mgongoni kama gunia la nazi, miguu mitupu, mpaka nyumbani, naye Mokahele akawa anampapasa kichwa na kumwambia kuwa ni farasi mzuri.

Jioni, wengine walipokwenda, Togiavalu alibaki kibarazani.

"Shangazi. Huko ndani, kuna fono kweli?"

"Ipo."

"Ya jani gani?"

"La mwambani."

Alivua kofia yake. Hakuuliza la tatu.

Jumapili, baada ya mahubiri, alisimama kanisani na kutangaza, kama kawaida, kwamba njia ya mashariki kupita mnazi uliopinda imefungwa. Hakusema nani amefunga. Watu waliitikia kwa vichwa, wengine wakatazama miguu yao.

"Mpaka lini?" Lineta akauliza kwa sauti kutoka benchi la tatu, kwa kuwa fono haitangazwi bila siku yake ya kufunguliwa, hata watoto wanalijua hilo.

Togiavalu akageuka. Akamtazama Fineika. Kanisa zima likamtazama Fineika.

"Ataifungua aliyefunga," Fineika akasema.

Lineta akaridhika, au akajifanya. Mwenye kuongoza nyimbo akasimama. Ndipo Mokahele, aliyekuwa amevaa kofia yake nyeupe ya Jumapili, akamwinamia mdogo wake na kusema kwa ule unong'ono wa wazee usiofichika:

"Alisema siku ukimaliza nazi zako."

Fineika aliushika mkono wa dada yake, ukiwa na joto, ukiwa mkavu. Wimbo ukaanza. Akavuta pumzi, akaimba pamoja na wengine, na alipomaliza ubeti wa kwanza akaona bado ameushika, akaendelea kuushika.